Kuchagua Pikapu ya Gitaa kwa Sauti ya Hevi Metali

Sauti ya gitaa la umeme, hata ile inayotikisa kuta za ukumbi katika tamasha la hevi metali, huanza ikiwa umeme mdogo sana, kwa kawaida sehemu tu ya volti moja, unaozalishwa na kifaa kilichofungwa chini ya nyuzi ambacho wanamuziki hukiita pikapu. Vyote vinavyofuata, yaani pedali za kubadili sauti, amplifaya na spika, hupokea kile tu ambacho pikapu imekinasa, na ndiyo maana mpigaji anayetafuta sauti nzito ya metali mara nyingi huanza kwa kufikiria kuibadilisha. Biashara ya pikapu imekua juu ya wazo hilo, na tangazo lake la kawaida ni moja: pikapu yenye nguvu zaidi hutoa sauti nzito zaidi. Tangazo hilo lilikuwa na msingi mwaka 1972, lakini kwa wapigaji wengi wa leo limebaki kuwa nusu ya ukweli, na nusu ya pili ndiyo inayostahili kuelezwa kwa kirefu.

Kanuni inayoiendesha pikapu ni ileile iliyoonyeshwa na mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday mwaka 1831, kwamba uga wa sumaku unaobadilika ndani ya koili huzalisha umeme katika waya wa koili hiyo. Ndani ya pikapu mna sumaku pamoja na waya wa shaba uliopakwa vanishi ya kuhami, wenye unene wa takriban milimita 0.06 katika pikapu za kawaida, ambao umezungushwa maelfu ya mara. Uzi wa chuma unapotetema juu ya sumaku huutikisa uga wake, na umeme unaotokea katika koili huufuata mtetemo wa uzi kwa kasi na kwa ukubwa. Kwa sababu hiyo nyuzi za nailoni hazinaswi na pikapu ya namna hii, na kwa sababu hiyohiyo mwimbaji anayeimba karibu na gitaa hasikiki kupitia humo, isipokuwa kama waya umelegea ndani ya pikapu, kasoro itakayoelezwa mbele. Mmarekani George Beauchamp, aliyefanya kazi pamoja na Adolph Rickenbacker, alipewa hataza ya gitaa lenye pikapu ya sumaku mwaka 1937, na ingawa vifaa vimeboreshwa sana tangu hapo, sumaku na koili zimebaki kuwa moyo wa kazi.

Koili hiyo ina udhaifu wa asili: hainasi nyuzi tu, bali pia uga wa sumaku unaotoka katika nyaya za umeme, transfoma na taa zilizo karibu. Umeme wa gridi katika Afrika Mashariki hubadili mwelekeo mara 50 kwa sekunde, yaani hezi 50, na ule wa Marekani mara 60, kwa hiyo pikapu ya koili moja huvuma kwa sauti nene ya chini pindi gitaa linapochomekwa kwenye amplifaya. Mpiga solo wa muziki wa dansi, ambaye sauti yake ni safi na amplifaya yake haikulazimishwa, huweza kuuvumilia mvumo huo kwa kuwa muziki unaufunika. Katika metali hali ni tofauti, kwa kuwa amplifaya hukuza kila kitu mara nyingi mno, na pale rifu, yaani kipande kifupi cha gitaa kinachorudiwarudiwa, inapokatizwa ghafla ili kimya kisikike, kimya hicho hujazwa na mvumo.

Dawa yake ilibuniwa na Seth Lover, mhandisi wa kampuni ya Gibson, ambaye aliomba hataza mwaka 1955 na kuipata mwaka 1959, wakati pikapu zake zilikuwa zimekwisha kuanza kufungwa katika magitaa ya kampuni hiyo mwaka 1957. Pikapu yake, inayoitwa hambaka, ina koili mbili zilizolala sambamba, ambazo waya na sumaku zake zimepangwa kinyume, hivyo kwamba mvumo unaoingia katika koili moja hufutwa na ule unaoingia katika koili ya pili, ilhali umeme unaotokana na nyuzi hujumlishwa. Matokeo mengine hayakuwa lengo lake kuu, lakini ndiyo yaliyokuja kuwapendeza wapigaji wa roki: kwa kuwa koili mbili huunasa uzi katika sehemu mbili kwa pamoja, baadhi ya sauti za juu kabisa hupungua, na mlio hujaa katikati. Hambaka za miaka hiyo ya mwanzo zilikuwa na takriban mizunguko 5,000 kwa kila koili, na nguvu yake, kwa vipimo vya leo, ni ya wastani tu.

Inafaa kusimama kidogo katika historia, kwa sababu bendi ambayo wengi huitaja kuwa chanzo cha muziki huu haikutumia hambaka yenye nguvu kubwa. Tony Iommi wa Black Sabbath, mwenyeji wa Birmingham, Uingereza, alikatwa ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia na mashine ya kiwandani akiwa na umri wa miaka 17, na kwa kuwa hupiga kwa mkono wa kushoto, vidole hivyo ndivyo vilivyokuwa vya kubana nyuzi. Alijitengenezea vifuniko vya plastiki vya kuvaa vidoleni, akatumia nyuzi nyembamba zisizomuumiza, na katika baadhi ya nyimbo za albamu ya mwaka 1971, *Master of Reality*, alizilegeza nyuzi hizo kwa nusutoni tatu, kutoka noti ya E hadi C kali. Gitaa alilolitumia kwa albamu ya kwanza ya bendi, iliyotoka Februari 1970, lilikuwa Gibson SG yenye pikapu aina ya P-90, ambazo zina koili moja na huvuma kama pikapu nyingine zote za koili moja. Uzito wa sauti ile ulitokana na amplifaya iliyosukumwa kwa nguvu, na hasa na mkono wa mpigaji. Ilichofanya pikapu ni kuipitisha kazi ya mkono huo bila kuiharibu.

Kwa nini basi nguvu ya pikapu ikawa jambo kubwa? Jibu limo katika amplifaya za wakati huo. Sauti ya kukwaruza inayoitwa distoshani hutokea pale amplifaya inapopewa umeme mkubwa kuliko inavyoweza kuubeba, hadi vilele vya mawimbi ya sauti vikatwe, na amplifaya za miaka ya 1960 na mwanzo wa miaka ya 1970 zilikuwa na ukuzaji mdogo katika hatua zake za kwanza, hivyo hazikufika hapo ila zikifunguliwa hadi mwisho. Mwaka 1972 Larry DiMarzio alitoa pikapu aliyoiita Super Distortion, yenye sumaku ya kauri na waya mwingi zaidi, ambayo iliuzwa peke yake, nje ya gitaa, ili mpigaji aifunge mahali pa ile ya kiwandani. Pikapu hiyo iliipa amplifaya msukumo uliokosekana, na kwa tatizo lile ilikuwa suluhisho sahihi. Hata hivyo tatizo lenyewe halikudumu, kwa maana mwaka 1981 Marshall ilitoa amplifaya za JCM800, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 zikaja Peavey 5150 na Dual Rectifier ya Mesa/Boogie, ambazo zina distoshani ya kutosha na kubaki hata kwa pikapu dhaifu. Mpigaji anayetumia amplifaya ya namna hiyo, au programu ya kompyuta inayoiiga, hahitaji tena pikapu ya kuisukuma. Na katika programu hizo pikapu yenye nguvu kupita kiasi huweza kuleta madhara, kwa kuwa hulizidi lango la kuingizia sauti na kuikata sauti mahali pasipotakiwa, kabla haijaifikia hata hiyo amplifaya ya kuigiza.

Kipimo ambacho wauzaji hukitumia kuonyesha nguvu ni ukinzani wa waya, unaopimwa kwa omu. Hambaka za mtindo wa mwaka 1957 huwa na omu 7,500 hadi 8,500 hivi, Super Distortion ina karibu omu 13,700, na JB ya kampuni ya Seymour Duncan ya California, ambayo ni miongoni mwa pikapu zilizopendwa sana na wapigaji wa metali wa miaka ya 1980, ina takriban omu 16,400. Mnunuzi anayezisoma namba hizi kwa mfuatano hudhani kwamba anaziona pikapu zikipanda ngazi ya nguvu, lakini omu hueleza urefu na wembamba wa waya tu. Waya wa namba 44 kwa kipimo cha Marekani ni mwembamba kuliko wa namba 42, na kwa urefu uleule ukinzani wake ni zaidi ya mara moja na nusu; kwa hiyo pikapu mbili zenye mizunguko sawa na sumaku sawa huweza kuonyesha omu 8,000 na omu 12,000 bila ya ile ya pili kuzalisha umeme mwingi wa kujivunia. Omu hutumika vizuri kwa kazi nyingine, ya fundi anayetaka kujua kama waya umekatika ndani au kama pikapu aliyoletewa ni ile iliyoandikwa kwenye boksi.

Kinachoibadili sauti zaidi, nacho hakiandikwi kwenye matangazo, ni kitu ambacho wahandisi hukiita induktansi, yaani kiasi ambacho koili hupinga umeme unaobadilika upesi, na hupimwa kwa henri. Kadiri mizunguko ya waya inavyoongezwa, induktansi hupanda, na pikapu hupoteza sauti za juu kwa kubadilishana na nguvu za sauti za kati. Kebo inayounganisha gitaa na amplifaya nayo huhifadhi umeme kidogo, kwa kawaida pikofaradi 100 au zaidi kwa kila mita, na kebo hiyo ikiungana na koili hutokea mahali pamoja katika masafa ya sauti ambapo pikapu hupaza kuliko kwingine, kisha juu ya hapo sauti huporomoka. Kwa kebo ya mita 6 au 7, pikapu ya henri 4.5, kama zile za mtindo wa zamani, hufikia kilele karibu na hezi 2,800, ilhali pikapu ya henri 8 hufikia kilele karibu na hezi 2,100. Tofauti hiyo husikika mara moja: ya kwanza ina ukali ulio wazi, na ya pili ina mngurumo wa kati unaojaza nafasi. Mpigaji aliyenunua kebo ya mita 10 kwa ajili ya jukwaa na kuona kwamba gitaa limepoteza makali hapaswi kuilaumu pikapu kabla ya kuijaribu kebo fupi.

Hapo ndipo panapopatikana swali ambalo, kwa mtazamo wa makala haya, linapaswa kutangulia mengine yote: je, pikapu hufanya nini na sauti za chini kabla distoshani haijazigusa? Rifu za metali hupigwa zaidi katika nyuzi nene, mara nyingi mpigaji akiwa ameegesha ukingo wa kiganja juu ya nyuzi karibu na daraja ili kila pigo liwe fupi na lenye kishindo. Uzi mnene wa gitaa la kawaida hutetema mara 82 kwa sekunde. Ukilegezwa hadi D hutetema mara 73, na katika gitaa la nyuzi saba uzi wa B hutetema mara 62 hivi. Distoshani inapopokea sauti nyingi za chini kwa pamoja, hazikuzi kila moja peke yake, bali huzichanganya na kuzaa sauti nyingine ambazo hazikupigwa, na mapigo yaliyokusudiwa kutengana huungana kuwa uji. Sauti za chini zilizozidi kabla ya distoshani ni kama chumvi iliyozidi mchuzini, kwa sababu kifundo cha besi kwenye amplifaya, ambacho katika amplifaya nyingi za metali hufanya kazi yake baada ya distoshani, hupunguza wingi wa mchanganyiko lakini hakiwezi kuutenganisha. Wapigaji wengi hutanguliza pedali ya Tube Screamer ya Ibanez mbele ya amplifaya, kifundo chake cha distoshani kikiwa kimefungwa karibu kabisa na cha sauti kikiwa kimefunguliwa, si kwa kutafuta mkwaruzo zaidi bali kwa sababu pedali hiyo hupunguza besi na kusukuma sauti za kati. Pikapu nzuri ya metali hufanya sehemu ya kazi hiyohiyo bila pedali: hubana sauti za chini, huacha sauti za kati zisikike, na huhifadhi ukali wa kutosha ili pigo la pleki liwe na mwanzo unaotambulika.

Jambo hili huwa zito zaidi kadiri nyuzi zinavyolegezwa. Bendi ya Meshuggah ya Sweden, ambayo hutumia magitaa ya nyuzi nane yaliyoshushwa hadi chini kabisa, hutumia pikapu za fundi Mswidi Lundgren zilizoundwa kwa ajili ya masafa hayo, na umaarufu wa pikapu hizo unatokana na namna noti zinavyobaki zikisikika moja moja hata katika kina hicho. Mpigaji anayelegeza nyuzi kisha akafunga pikapu nene yenye besi tele, akidhani kwamba uzito huongezwa juu ya uzito, atajikuta na gitaa linalosikika kubwa akiwa peke yake chumbani na kupotea kabisa pale mpiga besi na mpiga ngoma wanapoingia.

Kuhusu sumaku, mabishano ni mengi kuliko maarifa. Aina mbili ndizo zinazotawala: alniko, ambayo ni mchanganyiko wa chuma pamoja na alumini, nikeli na kobalti, na sumaku ya kauri, inayotengenezwa kwa oksidi ya chuma iliyochomwa pamoja na madini ya stronti au bari. Husemwa kwamba alniko ni laini na kauri ni kali na iliyobana, na kwa pikapu nyingi maelezo hayo yanakubalika, ila sababu zake si sumaku peke yake. Kauri ina nguvu kubwa kwa bei ndogo, ndiyo maana hutumika katika pikapu ghali za metali na vilevile katika pikapu duni za magitaa ya bei ya chini, na sauti za makundi hayo mawili hazilingani hata kidogo. Sumaku ni sehemu moja ya mpango wa mtengenezaji, na anayechagua kwa kuangalia sumaku tu hurudia kosa la anayechagua kwa omu.

Njia nyingine kabisa ilifunguliwa na Rob Turner, aliyeanzisha mwaka 1976 huko California kampuni ambayo baadaye ilijulikana kama EMG. Pikapu zake huitwa tendaji, kwa maana ndani yake mna kikuza sauti kidogo kinachoendeshwa na betri ya volti 9. Koili hutengenezwa kwa mizunguko michache, hivyo huwa na induktansi ndogo na kunasa mvumo mdogo, kisha kikuza sauti hicho hurudisha nguvu iliyokosekana na kuitoa kwa namna ambayo urefu wa kebo hauidhuru. EMG 81, yenye sumaku ya kauri na inayofungwa zaidi karibu na daraja, imekuwa karibu alama ya metali tangu miaka ya 1980 kupitia kwa wapigaji kama James Hetfield na Kirk Hammett wa Metallica, Kerry King wa Slayer na Zakk Wylde. Sifa yake ni ile iliyoelezwa hapo juu: besi iliyobanwa, ukali wa pleki, na kimya cha kweli baina ya mapigo. Lawama inayotolewa dhidi yake, kwamba husawazisha mno mapigo ya nguvu na mapigo ya upole, ni ya haki kwa mpigaji anayebadili kati ya sauti safi na sauti chafu kwa kutumia mkono tu, lakini kwa rifu za kasi usawa huo ni msaada. Mwaka 2014 kampuni ya Fishman ilitoa pikapu za Fluence, ambazo badala ya waya uliozungushwa zina koili zilizochapwa katika tabaka nyembamba za saketi, na zikapokewa vizuri na wapigaji wa metali ya kisasa.

Betri ya pikapu tendaji hudumu muda mrefu, kwa kuwa matumizi yake ya umeme ni madogo sana. Kinachoimaliza ni mazoea ya kuacha kebo imechomekwa kwenye gitaa usiku kucha, kwa sababu kuchomeka kebo ndiko kunakowasha mkondo. Inapokaribia kuisha, sauti hudhoofika na kuanza kukatika kwa namna isiyopendeza, na mpigaji asiyejua chanzo huanza kushuku amplifaya.

Aina ya metali inayokusudiwa nayo ina neno lake, ingawa wakati mwingine neno hilo ni kwamba pikapu haijalishi sana. Sauti ya msumeno ya deti metali ya Sweden, iliyojulikana duniani kupitia albamu ya Entombed ya mwaka 1990, *Left Hand Path*, iliyorekodiwa katika Sunlight Studio huko Stockholm, ilitokana na pedali ya Boss HM-2 iliyofunguliwa vifundo vyote hadi mwisho, na pedali hiyo humeza tofauti za pikapu kiasi kwamba anayeitafuta sauti ile hana sababu ya kutumia fedha nyingi kwingine. Kwa anayepiga dumu metali ya polepole, yenye noti ndefu zinazoachwa zilie, pikapu ya wastani yenye alniko, au hata P-90, huleta utajiri ambao pikapu iliyobana huunyima. Kwa thrashi na metali ya kisasa yenye mapigo ya haraka, kubana ndiko kunakotakiwa.

Katika Afrika Mashariki muziki huu una wafuasi wachache lakini wa dhati, hasa Nairobi, ambako vikundi vya metali vimekuwapo kwa miaka mingi. Wanamuziki wawili wa jiji hilo waliounda kundi la Duma walitoa albamu yao mwaka 2020 kupitia lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Magitaa yanayopatikana kwa urahisi madukani, hata hivyo, ni yale ya umbo la Stratocaster yenye pikapu tatu za koili moja, au mbili za koili moja na hambaka moja karibu na daraja, ambayo huufaa muziki wa dansi na wa injili kuliko metali. Mwenye gitaa la koili moja tatu si lazima alichonge mwili wake ili apate hambaka, kwa kuwa zipo hambaka nyembamba zinazoingia katika tundu la koili moja, kama vile Hot Rails ya Seymour Duncan. Mahali pa kuifunga ni karibu na daraja, ambako uzi hutetema kwa upana mdogo na sauti zake za juu husikika kwa uwazi. Pikapu ya shingoni huachiwa solo laini na sauti safi.

Kabla ya kununua hambaka ya kawaida ni vyema kupima umbali kutoka katikati ya uzi wa kwanza hadi katikati ya uzi wa sita pale juu ya pikapu ya daraja, kwa sababu watengenezaji huuza vipimo viwili, kimoja cha takriban milimita 49 na kingine kinachokaribia milimita 53, ili vichwa vya pikapu vikae chini ya nyuzi. Vidhibiti sauti navyo vikaguliwe: hambaka za kawaida hutarajia vidhibiti vya omu 500,000, pikapu za koili moja omu 250,000, na pikapu tendaji omu 25,000. Hambaka iliyofungwa kwenye vidhibiti vya omu 250,000 vilivyoachwa kutoka gitaa la awali hupoteza ukali, na pikapu tendaji iliyounganishwa na vidhibiti vya pikapu za kawaida hukifanya kidhibiti cha sauti kifanye kazi kama swichi ya kuwasha na kuzima.

Kosa linalotokea mara nyingi zaidi mezani kwa fundi ni la rangi za nyaya. Hambaka ya kisasa hutoka na nyaya nne pamoja na ule mtupu wa kukinga mvumo, na kila kampuni ina mpango wake. Katika pikapu za Seymour Duncan waya mweusi ndio unaopeleka sauti, wa kijani huenda ardhini, na mwekundu na mweupe huunganishwa pamoja. Katika zile za DiMarzio mwekundu ndio unaopeleka sauti, wa kijani huenda ardhini, na mweusi na mweupe huunganishwa pamoja. Fundi anayefunga pikapu ya DiMarzio kwa kufuata mchoro wa Seymour Duncan huigeuza koili moja bila kujua, na matokeo yake ni sauti nyembamba kama ya simu mbovu, nguvu kidogo, na mvumo uliorudi kwa sababu koili zinaujumlisha badala ya kuufuta. Pikapu nyingi nzuri zimerudishwa dukani kwa kasoro ambayo ilikuwa kwenye risasi ya kuchomelea. Kasoro ya pili ni ya pikapu yenyewe: isipozamishwa katika nta, mizunguko ya waya hulegea na kutetema, na amplifaya ikifunguliwa sana hupiga yowe kali lisilozuilika, kwa hiyo pikapu ya bei ndogo isiyo na nta haifai metali hata ikiwa na sauti tamu kwa sauti ya chini.

Yapo marekebisho yasiyogharimu chochote ambayo yapaswa kutangulia ununuzi. Skrubu mbili za pembeni hupandisha na kushusha pikapu, na mahali pazuri pa kuanzia ni milimita 2 hadi 3 kati ya pikapu na uzi, uzi ukiwa umebanwa kwenye freti ya mwisho. Ikikaribia mno, sauti hujaa besi na sumaku huanza kuuvuta uzi hadi noti iyumbe. Ikishushwa kidogo upande wa nyuzi nene, uji mwingi huondoka bila kutoa hata shilingi. Nyuzi mpya, kebo fupi na kupunguza distoshani kwenye amplifaya kwa robo ya kifundo humsaidia mpigaji kujua kama tatizo kweli ni pikapu.

Baada ya hayo, uchaguzi wenyewe si mgumu. Mwenye amplifaya ya zamani au ndogo isiyo na distoshani ya kutosha ananufaika na pikapu yenye nguvu kama Super Distortion. Mwenye amplifaya ya kisasa au programu, akipiga katika mpangilio wa kawaida wa nyuzi, anahitaji hambaka ya nguvu ya wastani iliyo wazi. Na anayelegeza nyuzi au kupiga rifu za kasi achague pikapu ya kauri iliyobana, au tendaji kama yuko tayari kubeba betri ya akiba. Muuzaji akiulizwa namna pikapu inavyoshughulikia sauti za chini, akajibu kwa kutaja omu peke yake, mnunuzi aombe kuisikia ikipigwa kwanza kupitia amplifaya inayofanana na yake, akiwa na mpangilio wa nyuzi anaoutumia, na fedha zake abaki nazo mfukoni hadi hapo.